Kinga ya Mashine Namba Nne

Shemeji yangu, mume wa dada, watu humwita Saba, tangu mashine namba nne ya kiwanda cha magodoro ilipomnyang'anya vidole vitatu. Kiwanda kilidai alivua kinga ya kisu mwenyewe, kwa uzembe. Yeye alisema ilivuliwa kwa amri, ili magodoro yatoke haraka. Wakapelekana mahakamani. Miaka minne sikumsikia akitaja fidia. Alichotaka ni itamkwe mbele za watu kwamba hakuwa mzembe.

Hukumu ikapangwa Jumatatu. Saba, kwa akili zake nyingi, akaomba isogezwe hadi Alhamisi, kwa kuwa msimamizi aliyemwita mzembe alikuwa likizo, na lazima asikie kwa masikio yake.

"Shemeji," nikamwambia, "ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Nimengoja miaka minne. Siku tatu zitanifanya nini?"

Jumatano kiwanda kikaenda kuomba kitangazwe kimefilisika.

Alhamisi tulifika tumevaa nguo za sikukuu, na msimamizi naye yupo, kanawiri kwa likizo. Hakimu alikuwa nayo hukumu mkononi, imeshachapwa, na hakuisoma. Alieleza kwa upole kwamba ufilisi ukishaombwa, kesi zote dhidi ya kampuni husimama. Mwenye dai akajiandikishe kwa mfilisi, anayeuza mali za kampuni na kuwagawia wadai. Akairudisha ndani ya faili. Hasira ile ninayo mpaka leo.

Mfilisi, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alimwandika Saba mdai wa arobaini na moja, nyuma ya muuza gundi. Mbele kabisa ilikaa benki, maana mashine zote ziliwekwa kwake dhamana.

"Baba, nisikudanganye," alisema. "Huko uliko hata makombo hayafiki."

Kisha akamwomba msaada. Mashine zilikuwa karibu kupigwa mnada, na hakuna aliyebaki wa kumweleza hali zake. Dada alipandwa na hasira: "Ikukate, halafu ukaisaidie kupata mnunuzi?" Saba alikwenda.

"Namba nne inafanya kazi," alimwambia mfilisi, "ila haina kinga."

"Iko wapi?"

Akamwonyesha kabati la msimamizi, ambalo miaka minne halikufunguka kwa mtu. Sasa funguo zote alikuwa nazo mama huyu. Kinga ilikuwa ndani, imefungiwa karatasi yenye tarehe ya wiki mbili kabla ya ajali, na sahihi ya msimamizi: imeondolewa kwa amri ya uongozi. Mfilisi akayanakili neno kwa neno kwenye orodha ya mnada, asije akalaumiwa na mnunuzi.

Siku ya mnada orodha ilibandikwa getini. Watu walijaa, na msimamizi alikuwemo, amekuja kununua kiti chake cha ofisini. Saba akamgusa bega mtu asiyemjua aliyesimama karibu na orodha.

"Ndugu yangu, miwani nimesahau nyumbani. Hebu nisomee hapo namba nne, kwa sauti."

Yule bwana akasoma, kwa sauti nzuri, mpaka mwisho.

Saba hajawahi kuvaa miwani maishani mwake.