Swali Ambalo Shabani Hakuweza Kuniuliza

Vijana mtakaosoma haya, kaeni sawasawa kwanza. Sikuandika ili mnisifu. Nimeandika kwa sababu kila mnaponikuta barazani mnaniuliza, "Bibi, wewe uliishia darasa la nne, uliwafundishaje wanasaikolojia?" Sikuwafundisha. Walifundishwa na walimu wao. Kazi yangu mimi ilikuwa kuumwa mbele yao, wajifunzie kwangu kabla hawajakabidhiwa mgonjwa wa kweli. Cheo changu kilikuwa mgonjwa wa mafunzo, na nilikifanyia kazi kwenye kituo cha mafunzo hapa Bagamoyo mpaka magoti na kumbukumbu vikagoma.

Siku ya kwanza nilivaa kanga mpya, nikajitia manukato, nikapaka wanja. Daktari Msimamizi, mwanamke wa bara, mrefu, asiyecheka ovyo, alinitazama mlangoni.

"Bi Zuhura, umekuja kuumwa au umekuja kuposwa?"

"Nimekuja kazini, Daktari."

"Basi kanawe uso. Mtu aliyeshindwa kuamka wiki nzima hapaki wanja."

Nikanawa. Ndivyo nilivyoanza.

Daktari alikuwa amenipata kwenye shughuli ya wanawake ya kumfunda bi harusi. Mimi nilikuwa somo, yaani kungwi wake, na somo akimfunda mwari lazima aigize: unakuwa mume mlevi, unakuwa wifi mwenye mdomo, unakuwa mkwe anayejifanya hasikii. Daktari alikuwa mmoja wa waalikwa. Nilipokuwa mkwe alicheka na wenzake. Nilipokuwa mke aliyeachwa akainama akatafuta leso. Kesho yake akatuma mtu aniite.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu anakupa kisa, yaani maisha ya mtu wa kubuni: jina lake, watoto wake, anachokiogopa, anachokificha. Mimi kusoma kwangu ni kwa kuvuta, kwa hiyo Mratibu wa Mafunzo alinisomea kwa sauti mpaka nikashika. Kisha unaingia chumbani. Chumba kina kioo kikubwa. Upande wako unajiona mwenyewe, upande wa pili walimu wanakuona wewe na mwanafunzi wako. Mwanafunzi anakuhoji. Mkimaliza kunakuwa na mrejesho: unaacha kuwa mgonjwa, unamwambia mbele ya walimu wapi alikufungua moyo na wapi alikufunga.

Halafu kuna kujivua. Hilo Daktari alilisimamia kama sala. Nilitoka, nikanawa uso, nikataja jina langu na la baba yangu, nikanywa chai ya tangawizi na kuongea habari za sokoni. Ugonjwa wa kisa haukuruhusiwa kuvuka geti.

"Ukienda nao nyumbani," aliniambia, "mzee wako atanidai mke wake."

Mtaani walinisema, nao walikuwa na haki ya kucheka. Jirani yangu Bi Mwanaisha aliniita juu ya ua. "Shoga, nasikia siku hizi unalipwa kuwa kichaa. Mimi mbona nafanya bure?"

"Wewe hujafuzu," nikamjibu.

Kutoka kituoni nilipelekwa Mlingotini, kwenye chumba kimoja cha zahanati, wanafunzi wazoee kufanya kazi huku mbuzi wanalia dirishani. Baadaye Chalinze. Huko nilikuwa mama wa utingo; kijana huyo alinusurika ajali ya lori, na kila akisikia honi anajificha uvunguni. Hicho ndicho walichokiita kiwewe: jambo limepita lakini mwili haujapewa habari. Nilizipenda safari zile. Wanafunzi walinibebea kikapu, na njia nzima walibishana kama vifaranga wa mitetea miwili.

Lakini kisa kilichonipa jina kilikuwa cha mjane. Nyumba yake iliungua na wanawe ndani. Tangu hapo halali, anasikia watoto wakimwita, ndugu zake wanasema ana jini, na yeye mwenyewe amechoka kuishi. Hilo la mwisho halisemi. Daktari aliwaambia wanafunzi kwamba hapa kuna sonona, ule uzito wa moyo usioondoka, kuna kiwewe, na kuna sauti, na vyote vimesukana kama ukili wa mkeka. Ukivuta uzi mmoja kwa pupa unaharibu mkeka. Wengi walikimbilia sauti, wakasahau mjane. Wengine walianza kubishana naye habari ya jini, wakampoteza kabla hawajamaliza salamu.

Sheria yangu katika kisa kile ilikuwa moja. Habari ya kutaka kufa nisiitoe mpaka niulizwe waziwazi. Mtu akizungukazunguka, nami nizunguke naye. Akiuliza wazi, nijibu kweli.

Ndipo alipokuja Shabani wa Zinga.

Kijana yule alikuwa na adabu mpaka inachosha. "Shikamoo bibi," anainama, anasubiri marahaba ifike mpaka mwisho. Haketi kabla sijaketi. Alisikiliza kuliko wote. Habari ya moto niliwahi kumaliza kumsimulia yeye tu, wengine walinikata katikati. Lakini akifika pale pa kuuliza, macho yanashuka sakafuni. "Bibi, na... mambo mengine yanaendeleaje?" Nami najibu, "Mambo mengine yanakwenda, baba." Anaaga, anatoka. Akaanguka mtihani wa vitendo. Akarudia, akaanguka tena palepale.

Nilimtetea, sisemi uongo. Nilimfuata Daktari ofisini.

"Daktari, yule mtoto amelelewa. Unataka amuulize mtu wa umri wa bibi yake kama anataka kujiua? Kwetu hilo ni kumtukana mtu. Tena ni kumtia wazo."

Alinivutia kiti. "Kaa, Bi Zuhura. Kuuliza hakumpi mtu wazo. Wazo analo au hana. Akiwa nalo, yuko nalo peke yake. Shabani anatoka anafunga mlango, na yule mjane amebaki na nani?"

"Mimi si mjane, Daktari. Mimi naigiza."

"Mgonjwa atakayemkuta Chalinze haigizi. Nikimpitisha Shabani, mwezi ujao anakaa mbele ya mtu wa kweli, kwa adabu yake hiyohiyo. Mtu huyo akienda kufa, nitamwambia nini mwanawe? Kwamba aliamkiwa vizuri?"

Niliondoka na hasira yangu, na hasira ikapoa njiani.

Mtihani wa tatu ndio ulikuwa wa mwisho. Akianguka, anarudishwa nyumbani, na masomo yake yote yameishia hapo. Siku chache kabla, mama yake akaja kwangu kutoka Zinga na kikapu cha mananasi. Tulisalimiana kirefu, tukaulizana wa nyumbani wote. Kisha akashusha sauti.

"Bi Zuhura, mwanangu akianguka safari hii basi tena."

"Najua."

"Mdokeze kidogo tu. Ukiguna, ukishika kichwa, atajua pa kuuliza."

"Pa kuuliza anapajua. Na akija mgonjwa wa kweli, nani atamgunia?"

Alichezea upindo wa kanga yake. "Nilimlea mimi. Mtu mzima humwulizi hata umri wake, sembuse habari kama zile. Kila akifungua mdomo ananiona mimi na fimbo."

"Basi aliyemkataza ni wewe. Nenda kamruhusu wewe. Mimi siwezi, mimi ni mgonjwa wake."

"Nitaanzaje kumwambia mwanangu maneno hayo?"

"Kama unavyoniambia mimi hapa. Na mananasi rudi nayo, nisije nikaonekana nimekula rushwa."

"Mkavu wewe," akasema, akajitwisha kikapu chake. Sikujua kama alikwenda kumwambia au alikwenda kunisema.

Siku ya mtihani nilikaa chumbani kwa kanga ya jikoni, uso bila wanja. Nyuma ya kioo kulikuwa na Daktari Msimamizi, Mratibu, na Mkuu wa Kituo. Shabani akaingia. Shikamoo, marahaba. Akanisikiliza habari ya moto. Akanisikiliza habari ya sauti, hakubishana na jini. Akauliza usingizi, akauliza chakula. Kisha akafika pale. Nikasema moyoni, haya, mambo mengine hayo yanakuja.

Akainuka kwenye kiti. Nilidhani anatoka. Akaja akaketi chini kwenye mkeka, mbele ya miguu yangu, akawa ananitazama kutoka chini kwenda juu.

"Bibi, naomba radhi. Nakuheshimu kama mama yangu alivyonifundisha, na ndiyo sababu nitakuuliza. Umewahi kuwaza kujiua?"

Sauti ilitetemeka lakini neno lilitoka zima. Hakutazama sakafu.

Nilijua maneno ya kisa. Nilishayasema kwa wanafunzi wengine. Siku ile yalitoka yenyewe. "Ndiyo, baba. Kila siku."

Hakushtuka, wala hakuanza kunihubiria. Alisema, "Ahsante kwa kuniambia. Leo hatutaachana mpaka tujue utakuwa salama na nani." Kisha akaendelea kuuliza vizuri, swali moja moja, hajainuka pale mkekani.

Kwenye mrejesho Daktari aliniuliza nilijisikiaje. Nikamwambia nilijisikia kama mtu aliyetembea na ndoo ya maji kichwani toka kisimani, akatokea mtu akamtua. Mkuu wa Kituo akauliza kama ni sahihi kwa mtaalamu kukaa chini. Daktari akasema, "Ameuliza? Ameuliza. Akae hata juu ya kabati."

Shabani akapangiwa Chalinze. Tulionana mara kwa mara sokoni, akabeba kikapu changu, akaniuliza magoti. Habari za wagonjwa wake hakunisimulia hata moja, na angenisimulia ningemfukuza. Mama yake niliambiwa alimwita jikoni usiku wa kuamkia mtihani, akamfungia mlango na kumwambia: muulize, mimi nimekuruhusu. Basi.

Nilistaafu nilipoanza kuchanganya visa. Siku moja mjane wangu alipata mtoto utingo, mwanafunzi akababaika, nikajua wakati umefika. Walinipikia pilau, Daktari akanipa kanga, na kwa mara ya kwanza nikamuona akilia bila leso. Siku hizi nasikia wanafunzi wanatazama wagonjwa kwenye video. Sina ubaya na video. Ila ile chai ya tangawizi baada ya kujivua, na vijana wakijifunza maswali yao barazani kwa sauti za chini kama watu wa madrasa, hivyo navikumbuka karibu kila asubuhi.

Kisha mzee wangu akafariki, nikakaa eda. Wanangu walinitunza, siwezi kulalamika. Chakula kililetwa, kikaondolewa kama kilivyokuja. Walitembea ndani kwa ncha za vidole, wakanisalimu kwa sauti za hospitali, wakatoka. Nilikuwa nimeshuka mahali ambapo jina lake nalijua kwa kazi yangu. Wote walikuwa Shabani wa mtihani wa kwanza. Aliyenituliza mwishowe ni Daktari, naye alikuwa amekuja kutoa pole tu. Aliketi, akaniuliza wazi swali lile la mjane, nikamjibu, akanirudia kila wiki mpaka nikaanza kumaliza sahani.

Nilipotoka eda niliwaita wote sebuleni, wanangu, wakwe na wajukuu, nikawaeleza nilikokuwa nimefika. Bakari, mwanangu mkubwa, akakohoa.

"Mama, maneno hayo hayasemwi mbele ya watoto."

"Yanasemwa. Nimeyasema mimi."

Nikawaagiza: "Kuanzia leo, katika nyumba hii, mtu akiacha kula, akiacha kuongea, akijifungia ndani, asinyatiwe. Aulizwe, kwa jina la jambo lenyewe, na yeyote aliye karibu, mkubwa au mdogo. Anayeulizwa ajibu kweli. Anayejibiwa asikimbie, akae naye, amtume mwenzake kuita mtaalamu. Na mtaanza na mimi. Rehema, wewe ndiye mdogo kuliko wote. Sogea hapa, uniulize."