Redio ya Kusikika Hadi Jikoni kwa Mkamwana

Wewe unayenisikiliza, huenda umezoea nyumba ambamo wote huketi pamoja. Basi nianze na mwiko wetu Wanyakyusa, usije ukashangaa nilivyokosea kununua redio. Mke wa mwanao hakutani nawe, baba mkwe. Akisikia kikohozi chako hupita njia nyingine. Si ugomvi; ndiyo heshima yenyewe.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nimefiwa na mke, nimeacha ukarani wa ghala la kahawa, naishi pembezoni mwa Mbeya. Mwanangu wa pekee alikuwa kusini, migodini. Mkewe alikaa nyumba ya pili, ng'ambo ya migomba. Tulikuwa wawili tu pale, na hatukuwahi kutazamana.

Nilikuwa na redio ya betri, kuukuu, yenye sauti kubwa ya kukwaruza. Jioni nikiifungulia, jiwe la kusagia la jikoni kwake lilinyamaza mpaka nizime. Nilidhani ndiyo saa yake ya kupumzika.

Redio ile ilipokufa nilikwenda mjini, dukani kwa mzee mmoja mwenye asili ya pwani. Akaweka mbili mezani.

"Hii kubwa inapiga kelele kama mnadani," akasema. "Hii ndogo inaongea kama mtu aliyelelewa."

Nikainama, nikatega sikio. Ile ndogo ilikuwa safi, kila neno linasikika peke yake. Nikaichukua.

Majuma matatu nilisikia habari vizuri kuliko wakati wowote, na bado nyumba ilizidi kuwa tupu, sijui kwa nini. Kule jikoni jiwe halikunyamaza tena. Lilisaga habari zikisomwa, likasaga nyimbo zikipigwa. Dada yangu, ambaye ndiye aliyepeleka maneno kati yetu, alipokuja na maharage nikamuuliza kama mkamwana anaumwa.

"Haumwi. Anauliza amekukosea nini hata ukamfungia redio."

"Nimemfungia wapi? Kila jioni naifungulia."

"Unaifungulia pua yako, kaka. Nilisimama kule jikoni jana, hata mnong'ono hakuna. Yule mtoto wa watu hana wa kuongea naye tangu asubuhi. Jioni alikuwa anakaa na wewe. Hukujua?"

Sikujua. Miezi yote ile nilijihesabu mpweke, kumbe tulikuwa tukisikiliza wawili.

Kesho yake nikairudisha.

"Masikio yamekwisha lini, mzee?" muuzaji akanitania.

"Si masikio yangu," nikamwambia. "Washa ile kubwa, kisha unisubiri."

Nikatoka, nikavuka barabara, nikasimama nyuma ya ukuta wa fundi cherehani. Ilisikika, ikikwaruza vilevile. Nikabadilishiwa.

Baada ya siku mbili dada alileta ujumbe mmoja: nisizime kabla salamu za wasikilizaji hazijaisha. Nikawa naziacha ziishe, hata zilizonichosha. Tukakaa hivyo mpaka mwanangu alipomwita mkewe kusini. Siku ya safari nilijifungia ndani ili apite uani kwa raha. Nilisikia hatua zake tu.

Nawe ukienda kununua redio, usiishie kuinama mezani. Mwambie muuzaji aiwashe, toka nje, nenda mbali kama alivyo mbali msikilizaji wako wa mwisho, simama hapo usikilize, ndipo uchague.