Beseni la Papa

Juzi sokoni nilimwona fundi akichovya mpira wa baiskeli majini, na harufu ya gundi yake ikanirudisha Bunia, nyumbani kwetu.

Baba yangu, niliyemwita Papa, naye alikuwa fundi wa baiskeli. Mimi nilikuwa mtoto wa kuishiwa pumzi. Nikitembea kidogo tu kifua kinabana, na hakuna aliyejua sababu. Barabara ya kwenda hospitali ya Nyankunde ilikuwa imefungwa na vita. Alasiri moja nilimwona Papa akigundua tundu la mpira kwa mapovu yaliyotoka kwenye beseni lake la maji, nikafurahi: huenda nami nilikuwa na tundu mahali. Niliruka ndani ya beseni nikiwa na gauni langu, ili atafute mahali hapo.

"Papa, angalia fasi pumzi yangu inatokea."

Hakucheka. Alipiga magoti, akapitisha vidole vyenye grisi ubavu kwa ubavu, huku bunduki zikilia mbali, upande wa uwanja wa ndege.

"Hamuna tundu, mutoto wangu. Pumzi yako yote iko mu ndani."

Nilimkimbilia Mama kumpa habari hiyo, nikihema, nikichuruzika maji, nimeshapona.

Sasa najua kwamba Papa hakujua kitu. Madaktari nao mpaka leo hawajui, ila hakuna hata mmoja aliyetafuta kama yeye.