Ukiwa na Neno, Njoo Ukitembea

Ipo asubuhi moja ya mkesha wa Krismasi isiyonitoka kichwani, mwanangu, ingawa tangu ipite nimesahau mengi, pamoja na karibu yote niliyofundishwa chuo kikuu. Nilikuwa kijana mwembamba. Ukinitazama leo, na tumbo hili linalotangulia kufika mezani, huwezi kuamini. Lakini hata mgomba uliolemewa na mkungu wake uliwahi kuwa chipukizi.

Nakwambia wewe kwa sababu kila Desemba nakuona. Unashuka kwenye basi kutoka Dar au Arusha na viatu vya rangi ya moto, na kabla hujamaliza kusalimia wazee unauliza ni njia ipi haina mbwa, ili ukimbie alfajiri. Mama yako anakuwekea mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, unasukuma bakuli kidogo, unasema uko kwenye mazoezi. Sikucheki. Mimi nilikataa mtori kabla hujazaliwa, tena kwa maneno makubwa zaidi.

Miaka hiyo nilikuwa mwanafunzi, na Januari kulikuwa na mbio ndefu pale Moshi mjini. Watakaofanya vizuri wangechukuliwa kambi ya wanariadha. Kocha wetu alituaga kwa onyo kwamba atakayekula sikukuu, sikukuu nayo itakula mbio zake. Nikalimeza onyo hilo kama Komunyo. Nikapanda nyumbani Kibosho nikiwa nimeamua kwamba mwezi ule Krismasi itanipita pembeni.

Nyumbani nako hakukuwa na nafasi ya mtu wa pembeni. Wewe unajua Desemba yetu. Ndugu wanarudi kutoka kila walikotawanyika, kuta zinapakwa chokaa, makaburi ya mababu yanafagiliwa, pombe ya mbege inachemshwa, majani ya ng'ombe yanatafutwa mbali kwa sababu kila kaya inayatafuta. Mikono yote inahitajika. Mimi nilitoka kabla ya mama kuamka na kurudi amekwisha kujitwika majani mwenyewe, kisha nikajinyoosha uani kama paka, nikihesabu pumzi. Mama hakusema kitu. Nilidhani ananielewa. Mwanangu, mama akinyamaza usidhani ameelewa.

Njiani chini ya kwetu alikaa mjane mmoja, Mama Deo. Deo alikuwa mwanawe wa pekee na rika langu. Tulichunga mbuzi pamoja. Mimi nilipokwenda chuo yeye alikwenda kuwa utingo wa lori lililobeba mizigo kati ya Dar na Holili, maana biashara ilikuwa imefunguliwa na malori yalikuwa yameongezeka barabarani kuliko madereva wazuri. Mwaka ule alikuwa ameahidi kufika mapema, amnunulie mama yake mbuzi wa sikukuu. Hakufika. Redio ilikuwa inataja ajali karibu kila jioni. Mama Deo akawa anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, na sauti ya lori ikisikika kule bondeni anasimamisha ufagio.

Sasa elewa jambo moja la mlimani kwetu enzi hizo. Mtu mzima hakukimbia. Aliyekimbia alikuwa anakwenda kumwita padri au mganga wa zahanati, au alikuwa na habari ya kifo. Simu hazikuwapo, habari zilikuwa na miguu. Hilo nililijua tangu utotoni. Nilikuwa nimelisahau tu, kama msomi anavyosahau vitu alivyovijua bure.

Asubuhi ile nilishuka hadi kwenye barabara ya mjini wakati bado kuna giza, nikageuka, nikaanza kupanda. Huo mlima ndio ulikuwa zoezi lenyewe. Nilipofika usawa wa lango la Mama Deo kulikuwa kumepambazuka, meno nimeyauma, uso umekunjamana kwa maumivu. Yeye alikuwa amesimama kando ya ua wake wa masale, ufagio mkononi. Akaniona natokea upande wa mjini, mbio. Akasogea njiani. Akaniita jina.

Nilipiga hesabu. Nikisimama kuamkia, pumzi itakatika, mlima utakuwa umenishinda, na zoezi zima nitalirudia. Nitamsalimia nikishuka, nikajiambia. Nikainamisha macho, nikampita.

Mtu anatoka mjini mbio, uso umeharibika, anashindwa kumtazama machoni mama anayemngoja mwanawe. Ungekuwa wewe, ungeelewa nini?

Mimi nilipanda hadi karibu na msitu, nikajipongeza, nikapumzika juu ya jiwe nikitazama mji ulivyotulia chini. Nilirudi nikitembea, moyo mweupe. Nilipokaribia kwa Mama Deo nikaona watu wamejaa uani. Wanawake wamejifunga kanga viunoni. Wanaume waliokuwa wakichinja ng'ombe kwetu walikuwa wamemwacha ng'ombe, wamesimama na visu vyenye damu mikononi, hawajui wavitie wapi. Mama yangu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Nikauliza, "Jamani, kuna nini? Nani amefariki?"

Wakatazamana.

"Tunakungoja wewe," mama akasema. "Deo yuko wapi? Umesikia nini huko mjini?"

"Sijasikia kitu, mama."

"Sasa mbio zile za nini?"

"Nilikuwa nafanya mazoezi."

Kisha sauti ya mwanamume ikatoka nyuma, "Mazoezi ya nini, wewe? Ya kutuua?" Mwingine akaguna, "Msomi huyo." Mtu mmoja alianza kucheka, akajizuia, kwa sababu watu walipisha njia, nikamwona Mama Deo.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu mmoja umevimba. Nilipompita alipiga ukunga akanifuata mbio, akateleza, akaangukia kwenye mfereji. Kanga yake ilikuwa bado inachuruzika maji. Macho yake yalikuwa makavu.

"Kwa hiyo hujui," akasema.

"Sijui, mama. Nisamehe."

"Basi tumemlilia Deo naye mzima. Au amekufa kweli. Hata hilo hatujui."

Kumlilia mtu aliye hai ni jambo zito kwetu. Wazee waliona ni kama kumchimbia mtu kaburi kisha kuliacha wazi. Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga.

Babu yangu, ambaye mlima wote ulimwita Meku, hakupaza sauti. Alikwenda kwenye ua, akachuma jani moja la sale, akalifunga fundo taratibu kama mtu asiye na haraka ya maisha. Kwa mila yetu anayeletewa jani hilo hana ruhusa ya kukataa kusamehe, na ndiyo maana halichumwi ovyo. Akaniwekea mkononi.

"Mjukuu wangu," akasema, "mwili ni wako, ufanyie utakavyo. Wala sisemi usikimbie. Lakini njia hii si uwanja wa mpira. Ina malango, na kila lango lina mtu anayengoja kitu. Unampitaje mtu anayengoja bila hata shikamoo?"

Nilipiga magoti kwenye tope. Mama Deo alilishika lile jani kwa muda mrefu, akiligeuza.

"Nimelipokea," akasema mwishowe. "Siwezi kulikataa. Sasa nenda kanitafutie mwanangu."

Meku akanipungia mkono kuelekea bondeni. "Mbio zako zilikuwa zinatafuta kazi. Imepatikana. Ila kila lango, sema unakwenda wapi."

Nilishuka. Kila lango nikasimama, nikaamkia, nikasema naulizia habari za Deo, hakuna habari mbaya. Wazee wengine waliitikia kwa shingo upande, maana habari ya mazoezi yangu ilikuwa imenitangulia. Yenyewe haikuhitaji viatu. Mjini nilizunguka kila yanaposimama malori, nikiuliza. Watu walikuwa katika manunuzi ya mwisho, wananigonga kwa mifuko ya mchele wa Mabogini. Utingo mmoja akanielekeza kwenye gereji ya Singasinga mmoja mzee ambaye alitengeneza nusu ya malori ya barabara ile. Nilimkuta amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaiamkia miguu, nikaulizia lori.

"Marahaba. Lori la nani? La Holili?" sauti ikatoka chini. "Hilo limekwama Same. Giaboksi imekufa. Jana nimetuma spea kwa basi."

"Na utingo? Deo?"

Akajivuta nje, akanitazama, grisi hadi kwenye ndevu. "Deo mzima kabisa. Ameniletea ujumbe kwa kondakta, anasema spea ikichelewa atakula mbuzi wa mama yake huko huko. Wewe kijana mkubwa, unalia nini kwenye gereji yangu?"

Nililia, ndiyo. Kisha nikaanza kupanda, na hapo ndipo nilipofanya zoezi gumu kuliko yote. Nilikuwa na habari njema mdomoni na miguu yenye nguvu ya kuifikisha haraka, na sikuweza kukimbia. Ningeonekana nakimbia tena kutoka mjini, mama yule angekufa kabla sijafungua mdomo. Nikatembea. Jua likanichoma, watu wakanisimamisha kila lango, nikawaeleza, wakamshukuru Mungu, nikaendelea. Haraka haraka haina baraka. Niliufahamu msemo huo tangu darasa la kwanza, lakini siku ile niliusikia kwenye magoti.

Mama Deo aliniona toka mbali. Hakuinuka, mguu haukumruhusu. Nilimwambia kila neno, hadi la mbuzi. Akafumba macho, akakaa hivyo. Alipoyafumbua, nadhani aliona jinsi nilivyokuwa nimekwisha.

"Haya," akasema. "Wewe na mimi tupatane. Kuanzia leo ukipita hapa mbio, nitajua ni hayo mazoezi yako, sitashtuka. Lakini ukiwa na neno la kuniambia, lolote, njoo ukitembea."

"Ndiyo, mama."

"Na hata kwenye mbio zako uniamkie. Mdomo haukimbii kwa miguu."

Deo alifika siku ya Krismasi mchana, mbuzi begani, mafuta ya giaboksi hadi masikioni, akasimama langoni akauliza kwa sauti, "Nasikia nimekufa. Nyama yangu ya matanga iko wapi?" Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mama yake hakucheka. Alimshika mkono hakumwachia hadi mtori ulipopoa. Mimi nilikula mabakuli mawili, na mbege nikaonja, nikapitisha. Asubuhi iliyofuata nilikata majani ya ng'ombe kule mbali, nikayapandisha kichwani mlima mzima, na nakuhakikishia kocha hakuwahi kunipa zoezi kama hilo.

Januari nilikimbia. Sikuchukuliwa kambini. Nilimaliza katikati ya kundi, mahali ambapo hakuna anayekumbuka jina lako wala anayekucheka, na hapo ndipo nimeishi tangu siku hiyo.

Lakini mbio sikuziacha. Kila Desemba nilipanda ule mlima, na nikifika usawa wa masale yale nilipiga kelele, "Shikamoo mama! Mazoezi!" Naye anaitikia kutoka ndani, "Marahaba! Kimbia, ndizi zinapoa!" Ikawa mchezo wetu. Watoto wa njia ile waliukariri.

Miaka ikapita. Simu za mkononi zikaja. Deo akatoka kwenye utingo akawa dereva, tena mzuri, mwenye subira. Siku moja, haikuwa Desemba, simu yangu ililia nikiwa mjini, na aliyezungumza hakuwa Deo ingawa namba ilikuwa yake. Lori lilikuwa limepinduka mteremkoni. Namba yangu ndiyo aliyoipiga mwisho.

Ningeweza kukodi gari hadi langoni. Badala yake niliteremkia chini kabisa, pale njia inapoanza, nikapanda kwa miguu. Nikaamkia kila lango. Mzee mmoja akaniuliza, "Leo mbona hukimbii?" Nikamwambia nimechoka.

Alikuwa ameketi nje anapukuchua maharage. Aliponiona, mikono ikasimama. Nikamfikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama miguu, kisha uso. "Leo unatembea."

"Ndiyo, mama."

Akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi. "Kaa kwanza," akasema. Nikakaa. Akanipa fungu la maharage yenye maganda, tukapukuchua pamoja kidogo, yeye na mimi, kabla sijasema. Alitaka hayo maharage machache. Nami nilikuwa na pumzi ya kumpa, kwa kuwa sikuja mbio.

Mwanangu, sikwambii uache mazoezi. Mwili ni shamba. Ukilitelekeza, magugu hayakuulizi ruhusa, na ushahidi wa hilo unauona kwenye shati langu. Kimbia hata Desemba. Ila usiku uliotangulia waambie wenye nyumba unakwenda wapi na utarudi lini. Kazi ya nyumbani ikihitaji mgongo, zoezi lako lianze hapo. Majani ya ng'ombe na ndoo za maji zitakukaza misuli, na mama yako atapumzika. Ukiwekewa bakuli, kula kidogo kwa heshima, kwa sababu anayekupa hapimi mbio zako, anapima kama umerudi. Na njiani simama. Pumzi iliyokatika kwa salamu huunganika tena kesho. Ya mtu aliyekungoja ukampita, hujui.

Mungu, ambaye bibi zetu walimwita Ruwa wakitazama theluji ya Kibo, akupe magoti mazima na moyo usiochoka. Akupe Krismasi nyingi za kupita mbio mbele ya malango yenye watu wanaokucheka. Na siku utakapolazimika kutembea, akufikishe salama, akupe mahali pa kukaa.