Kisu cha Mtume Bartolomayo

Juzi, kwenye duka la vitabu vya dini pale Mtanda, niliona picha ya Mtume Bartolomayo ameshika kisu. Papo hapo nikasikia harufu ya ubani na vumbi lililonyunyiziwa maji, kama kanisani kwetu Nyangamara.

Nilikuwa mtoto mdogo, na alasiri moja kaka yangu alikuwa ameingizwa jandoni. Ngoma zilitufikia hadi kanisani, ambako Bibi alikuwa akifagia. Kwenye picha ukutani nilimwona mzee huyohuyo na kisu chake, nikajua huyu ndiye ngariba. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, babu. Mkate kaka taratibu."

Bibi alicheka hadi akakaa chini. Kisha akafuta macho.

"Huyo hakumkata mtu, mjukuu wangu. Yeye ndiye aliyechunwa ngozi, kwa kuwa alikataa kumkana Yesu."

"Sasa mbona kisu anacho yeye?"

"Hakimtishi tena."

Sikuelewa. Niliona tu kwamba aliyechunwa anajua inavyouma, nikamwomba aende akamshike kaka mkono.

Bibi tulimzika zamani. Pale dukani nilinong'ona, "Shikamoo, babu," nikasubiri kicheko cha Bibi.