Katoni ya Ng'ombe

Katoni ya ng'ombe niliichoma mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu kwa karibu wiki mbili nilimwambia baba kwamba upepo ndio ulioichukua.

Ilikuwa katoni ya maziwa ya unga, iliyokatwa na kunyooshwa ikawa bapa. Baba aliiweka kwenye kioo cha mbele cha kibasi chake kila alipokuwa parkingi akisubiri zamu yake. Anasafirisha watu kati ya Goma na Rumangabo tangu nikiwa shule ya msingi. Watu wa mbali hudhani Goma ni baridi tu kwa sababu ya milima. Hawajawahi kukaa saa sita mchana ndani ya gari lililosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Usukani huwa haushikiki, na kiti huchoma hata kupitia suruali. Katoni ilizuia jua kiasi chake. Upande wa nje ulikuwa na picha kubwa ya ng'ombe mwekundu aliyeinua kichwa, na baba aliuweka hivyo makusudi, ng'ombe atazame barabara. Ng'ombe akiwapo kwenye kioo, gari liko kwenye foleni. Ng'ombe akitolewa, gari linaondoka.

Siku ya kolasio yangu, yaani mahafali, baba aliegesha mbele kabisa ya lango la chuo, akaweka katoni. Nilipotoka na joho langu, wenzangu walikuwa wanapigana picha. Mmoja akauliza ni nani aliyeleta gari la maziwa. Wote wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikazunguka nyuma ya jengo na kumpigia baba simu, nikamwomba anisubiri upande wa pili wa barabara, kule ambako kulikuwa na nafasi zaidi ya kugeuza gari. Alihama bila kuuliza. Jioni nilipokumbuka jinsi alivyohama haraka, sikuweza kula.

Hapo ndipo nilipoamua kumnunulia paresoleyi, ile ngao ya kung'aa inayozuia jua kwenye kioo. Nilijiambia ni kwa ajili ya mikono yake, na hilo lilikuwa kweli. Mikono yake imekauka, na mchana hushika usukani kwa kitambaa kilicholowa maji. Lakini tangu lini nilianza kuona mikono yake? Swali hilo nililibeba njia nzima hadi sokoni Birere.

Huko nilirudi kwenye duka moja la vifaa vya magari siku tatu mfululizo. Kulikuwa na paresoleyi ya kukunja kama kinanda cha mkono, yenye rangi ya fedha pande zote mbili. Kulikuwa na ya waya inayojikunja duara, ila nilihofia itamrukia baba usoni. Ya wavu wenye vikombe vya kunyonya kioo ilionekana inaacha alama. Moja ilifunguka kama mwavuli, lakini fimbo yake ingegusa redio. Kisha nikawaza kuhusu usukani, ambao kwenye kibasi cha baba uko kulia, wakati ile nafasi ya kupitishia kioo cha kutazama nyuma hukatwa katikati ya paresoleyi, kwa hiyo pengine haijalishi, lakini je, ikijalisha? Niliwaza pia kama mwanga utakaorudishwa na ile fedha utampofusha dereva anayekuja. Nikarudi nyumbani, nikapima kioo kwa utepe wa mshonaji baba akiwa msalani.

Siku ya tatu muuzaji aliweka mikono kiunoni. "Dada, unachagua paresoleyi ao unachagua bwana?"

Nilichukua ile ya kinanda.

Baba aliipokea kwa mikono miwili. Aliifungua, akaifunga, akaifungua tena. Kesho yake alirudi akasema sasa usukani unashikika, hata kitambaa amekiacha nyumbani. Nilifurahi sana. Ila katoni hakuitupa. Aliisimamisha nyuma ya mlango, akasema inaweza kufaa siku nyingine, na kila nilipoingia ndani ng'ombe yule alinitazama.

Asubuhi moja makala, yaani mkaa wa kupikia, yalikuwa yamenyeshewa. Jiko la mbabula lilitoa moshi tu, na mama alikuwa ametangulia misa. Nilitazama nyuma ya mlango. Karatasi nyingine zilikuwapo, madaftari yangu ya mwaka wa kwanza yalijaa sanduku zima chini ya kitanda, na nilijua hivyo. Nikairarua katoni vipande vinne. Iliwaka upesi, chai ikachemka.

Siku mbili baadaye baba aliitafuta. Alisema abiria waliomzoea wanaulizia ng'ombe, na alitaka kuiweka juu ya ile mpya. Nikasema niliianika uani kwa sababu ilikuwa na unyevu, na upepo ukaibeba. Kule Mabanga, mtaani kwetu, nyumba zimebanana, kitu kikipeperushwa hakiendi mbali. Baba akatoka kugonga kwa majirani, uani kwa uani, akieleza kwa mikono ukubwa wa katoni. Nami nikaenda naye. Nilichungulia nyuma ya matangi ya maji. Nilipanda juu ya ukuta wa mawe wa jirani nikatazama paa lake. Sijui mtu anayetafuta kitu alichokichoma huwa anawaza nini. Mimi niliwaza kwamba nisipotafuta vizuri baba atagundua.

Kulikuwa na mama mmoja mzee wa Rumangabo aliyekuja Goma kila Ijumaa na maharagwe, akarudi jioni na gunia la vitu vya dukani. Alikuwa abiria wa baba miaka yote. Hajui kusoma, na macho yake ya mbali yamechoka. Huketi chini ya bati la mwanamke mmoja anayeuza chai parkingi, anamtazama ng'ombe. Ng'ombe akitolewa, anainuka. Baba humpeleka hadi mlangoni kwake, akiacha barabara kuu na kuingia kwenye kijia, jambo ambalo madereva wengine hawalifanyi.

Ijumaa ya kwanza ya paresoleyi, magari manne parkingi yalikuwa na ngao za rangi ya fedha kwenye kioo, na la baba halikutofautiana nayo. Mama mzee aliketi palepale. Baba alidhani hakuja, akajaza watu akaondoka. Mama mzee alingoja mpaka yule mwanamke wa chai akaanza kuosha vikombe. Akapanda gari lililobaki, likamshusha kwenye njia panda, akatembea na gunia kichwani. Goti likavimba. Ijumaa iliyofuata hakuonekana.

Haya baba aliyasikia kwa mwanamke wa chai, akatusimulia mezani. Alisema kinachomuuma ni kwamba mama yule huenda anafikiri amekimbiwa. Alilirudia hilo mara mbili. Mama yangu akasema upepo wa mwaka huu ni mbaya. Nikaomba chumvi, ingawa ilikuwa mbele yangu.

Usiku na mchana niliwaza jinsi ya kutengeneza mambo bila kukiri. Nilizunguka maduka ya Mabanga na Murara nikitafuta katoni kama ile, lakini maziwa yale siku hizi huja kwenye mifuko. Mwishowe nikanunua kopo dogo la rangi nyekundu, nikaitandaza paresoleyi uani, nikachora ng'ombe upande wa nje. Rangi iliteleza kwenye ile fedha. Miguu ikawa mifupi, masikio yakaning'inia. Baba alikuja akasimama karibu nami. Akasema ni wazo zuri, nami nikatamani angesema jambo lingine lolote.

Ijumaa ya tatu niliandamana naye. Mama mzee alikuja akiegemea fimbo, binti wa mwanamke wa chai akimbebea gunia. Alisimama mbele ya kioo, akasogea, akasogea tena.

"Hii ni ngombe ao ni imbwa?"

Baba alicheka, akamwambia kwamba mimi nimesoma chuo kikuu miaka mitano yote na kuchora ng'ombe hawakunifundisha. Mama mzee hakucheka naye.

"Mie nilisema umepata vitu vya mupya," alisema, "hautaki tena wamama wa magunia."

"Hapana, mama. Ile katoni upepo iliibeba. Tulitafuta kila fasi, na huyu mutoto alipanda mupaka kwa ukuta ya watu."

Uongo ule nikiusema mimi niliweza kuuvumilia. Kuusikia ukitoka kinywani mwa baba, akiusema kama ukweli wake mwenyewe na kunisifu nao, hapo sikuweza.

"Papa, haikuwa upepo. Ni mie niliichoma. Nilikuwa na haya nayo."

Mwanamke wa chai aliacha kukoroga. Baba alikuwa ameshika ukingo wa paresoleyi, akaanza kuikunja polepole, mkunjo kwa mkunjo, hadi ng'ombe wangu akafungwa ndani.

"Iliwaka muzuri?" aliuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Ilikuwa kavu sana ile," alisema, akaingia garini.

Mama mzee alinitazama, kisha akanionyesha gunia kwa fimbo. Nikalibeba, nikapanda garini nalo, nikaliweka miguuni pangu.

Njiani baba alizungumza na abiria kama kawaida. Tulipofika kwenye njia panda nilimwomba asimame. Nilisema nitatembea na gunia kutoka hapo, wao watangulie. Alinitazama kwenye kioo cha kutazama nyuma.

"Jua ni kali," alisema.

Nikamwambia najua. Akanifungulia mlango.

Gunia lilikuwa na chumvi, sabuni na lita kadhaa za mafuta. Kijia kinapanda muda wote, na mawe yake hayakai mahali pamoja chini ya mguu. Nilipumzika mara tatu, mara ya tatu nikakaa kabisa chini. Mimi nina magoti ya kijana. Kibasi kilikuwa kimesimama mlangoni pa mama mzee, abiria wengine wakiwa wamekwisha kushuka, na baba alikuwa akinisubiri, ameweka paresoleyi ingawa hapakuwa na foleni yoyote. Nilimwona ng'ombe kutoka mbali kabisa.