Paa la Stesheni Lililohamia Majengo

Mnaniambia andika, andika, kana kwamba mkono huu ulizaliwa na kalamu na si jembe. Haya. Habari ni ya Pudensiana, jirani yangu hapa Majengo, na herufi zikipinda msinicheke.

Mwaka huu wa tisini na sita wakubwa wa reli walisema ile stesheni ndogo ya zamani, ya miti na mabati, ibomolewe. Nani aililie? Pudensiana peke yake. Alishuka pale akiwa bibi harusi, na mumewe Lyamba, mshika bendera, aliipeperushia treni kwanza ndipo akaja barazani kumsalimu mke. Sasa Lyamba yuko udongoni, limebaki baraza. Akaiomba stesheni, akaruhusiwa kuihamishia kwenye kiwanja chake.

"Mabati hayo si ungeezekea jiko, mama?" Bartolomeo, jirani wa pili, akamtania.

"Jiko langu halijawahi kupokea treni."

Akapika pombe ya mtama, akaita watu. Wasukuma wa huku wanajua kuhamisha nyumba: paa hawalifumui, wanaliinua zima. Wanaume wakaingia chini yake wakiimba, paa likatembea barabarani kama kobe mpaka juu ya nguzo mpya. Pudensiana kwa furaha akatoa mitungi yote ya pombe.

Hapo ndipo alipoharibu. Kwetu pombe ya kazi ikishanywewa, kazi imefungwa. Kuta hazijakandikwa, baraza hakuna, wenyewe wamefuta midomo wamekwenda.

Kesho yake akamfuata Bartolomeo. "Na kuta?"

"Mama, pombe tulishakunywa. Pika nyingine, tutakuja."

"Sipiki. Mlikunywa ya stesheni nzima, si ya paa."

"Basi ungeficha mtungi mmoja," akacheka.

Tangu hapo anakanda udongo mwenyewe. Anakandika kipande, anakaa chini, anashika magoti, anatazama mawingu upande wa Sitalike. Mvua ikitangulia, ardhi italainika, nguzo zitalala na paa lake. Namsaidia, ila na mimi mgongo umegoma. Nimemwambia apike tu, yaishe.

"Pombe nilishatoa," anasema.

Kichwa kigumu. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Sasa wewe uliyekaa unasoma, inuka. Kama uliwahi kushuka stesheni ile, au nduguyo alishuka, njoo Majengo na ndoo ya maji kabla mvua haijafika. Pombe hakuna.